Mto Haujui Mpaka wa Kijiji

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio. Historia: Watu na Maji katika Nchi ya Kusini

Natumaini mmekwisha kukaa katika vikundi vyenu, mwandishi ana daftari na kalamu, na redio imewekwa mahali ambapo hata yule aliyekaa nyuma aweza kusikia. Wazee waliosoma kwa njia hii katika “Mtu ni Afya” mwaka 1973, au katika “Misitu ni Mali” mwaka 1980, wanaijua desturi yetu. Kwanza tunasikiliza, halafu tunazungumza, halafu tunakwenda kutenda.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya majemadari. Ni historia ya mipango. Tutauliza swali moja tu: Nani alipanga matumizi ya ardhi, miti na maji katika nchi ya mto, na mipango yake ilifika wapi? Mfano wetu mkubwa ni nchi ya Kilimarondo na jirani zake, yaani Nachingwea, Ruangwa na Liwale, katika mkoa wa Lindi. Lakini hata wewe uliye mbali na huko usiondoke karibu na redio, maana jambo hili ni lako pia.

Kabla ya yote, tuelewane juu ya neno moja. Bonde la mto ni nini? Wengi wetu tukisikia neno bonde hufikiri pale chini tu, penye udongo mweusi na mpunga. Wataalamu wa maji wana maana pana zaidi. Tazama paa la nyumba yako. Mvua ikinyesha, maji ya upande mmoja wa paa huteremka huku, na maji ya upande wa pili huteremka kule. Ukiweka pipa chini ya upande mmoja, pipa hilo hupokea maji ya upande ule wote, tangu juu kabisa mpaka kwenye ncha za makuti. Akitokea mtu huko juu akatoboa paa, au akamwaga uchafu, mwenye pipa atajua. Basi bonde la mto ni hilo paa, na mto ni pipa. Bonde ni nchi nzima ambayo mvua yake huishia katika mto mmoja: vilima, misitu, mashamba, malisho, na hata uwanja wa shule.

Katika nchi tunayoizungumza mto mkubwa ni Mbwemkuru, unaoteremka kuelekea kaskazini-mashariki hata kuingia katika Bahari ya Hindi kati ya Lindi na Kilwa. Kusini yake upo Lukuledi, unaoingia baharini penye mji wa Lindi. Kusini zaidi ni Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Vijito vingi hukauka, na kina mama hufukua mchanga wa mto kutafuta maji yaliyobaki chini. Mtu asiyeyajua maisha hayo aweza kuja wakati wa masika, akaona majani mabichi kila mahali, akasema, “Nchi hii ina maji tele.” Na mwingine aweza kuja Oktoba akasema, “Nchi hii haina maji kabisa.” Wote wawili wamekosea, kwa sababu wameiona nchi kwa siku chache tu. Likumbukeni jambo hili, maana tutarudi kwake.

Sasa tuanze historia yenyewe.

Wakulima wa zamani wa nchi hiyo, Wamwera, Wangindo, Wamakua, Wayao na wengineo, walikuwa na mipango yao, ingawa haikuandikwa katika karatasi. Mtu alilima shamba kwa miaka michache, kisha aliliacha lipumzike, miti ikaota tena, naye akafungua shamba jipya. Palikuwa na misitu ambayo haikukatwa kwa sababu ya makaburi na matambiko. Palikuwa na wazee walioulizwa kabla ya mgeni kupewa mahali pa kulima. Hatusemi kwamba zamani palikuwa peponi. Karne ya 19 ilikuwa na biashara ya watumwa iliyopita nchi hiyo kuelekea Kilwa na Lindi, na ilikuwa na mashambulio ya Wangoni, kama lile lililopiga Masasi mwaka 1882. Watu waliishi kwa hofu, wakahamahama. Lakini katika taabu hiyo yote, aliyepanga shamba alikuwa ndiye aliyelima, na aliyekosea aliona kosa lake kwa macho yake msimu uleule.

Walipokuja Wadachi, mambo yaligeuka. Serikali yao ilitaka pamba iuzwe ng’ambo. Basi katika sehemu za kusini na pwani watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe na maakida, kwa malipo madogo mno, na mara nyingi siku zilezile walizohitaji kwa chakula chao. Huo ulikuwa mpango wa ardhi uliotoka juu, nao ulivuna ulichopanda. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Umatumbi, watu waliing’oa pamba. Vita vya Maji Maji vilianza. Yafaa kukumbuka kwamba dawa aliyoitoa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilikuwa maji. Watu wa makabila mengi, waliokuwa hawajawahi kupigana pamoja, waliunganishwa na kitu ambacho kila mmoja wao alikihitaji. Mwezi wa Agosti boma la Liwale lilitekwa, na vita vikaenea Masasi, Lindi hata Songea.

Ninyi mnajua mwisho wake. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, yakateketeza maghala na mashamba ya chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa kwa vita na njaa kuwa 250,000 hata 300,000. Lakini liko jambo ambalo halisemwi sana, nalo lahusu somo letu. Mahali palipokuwa na watu pakabaki pori. Pori likaleta mbung’o na tembo, na mbung’o wakaleta malale. Maafisa waliokuja miaka ya baadaye waliliona pori hilo, wakadhani limekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Hawakujua kwamba chini ya miti ile yalikuwa mawe ya mafiga ya watu. Tena, katika miaka ya 1940, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa nchi ya Liwale kwa hoja ya malale na tembo, na nchi yao ikaingizwa katika hifadhi ya wanyama ya Selous. Basi mkisikia mtu akisema kwamba nchi fulani ni tupu, ulizeni kwanza imekuwaje tupu.

Sasa tunafika Nachingwea penyewe, mwaka 1947.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika kwa mitambo. Serikali ya London ikatuma ujumbe ukiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Kisha ukaandikwa mpango wa kulima ekari zaidi ya 3,000,000 kwa miaka sita. Nyingi zilikuwa Tanganyika, na sehemu iliyopewa hesabu kubwa kupita zote ilikuwa Jimbo la Kusini, ambamo leo imo mikoa ya Lindi na Mtwara. Mahali palipochaguliwa palikuwa Kongwa katika nchi ya Ugogo, Urambo upande wa magharibi, na Nachingwea.

Wiki tisa, ndugu zangu! Mkulima wa Kilimarondo akitaka kuoa hutazama familia ya mchumba kwa muda mrefu kuliko huo.

Mitambo ililetwa kwa meli. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo mizito ilifungwa kati ya matingatinga mawili ili kung’oa miti. Ikajengwa reli kutoka pwani mpaka Nachingwea, na bandari ya maji marefu huko Mtwara. Lakini mwaka wa kwanza huko Kongwa, walikotumaini kulima ekari 150,000, zilipandwa ekari kama 7,500 tu. Udongo wa Kongwa ulikuwa mwekundu wenye mfinyanzi. Masika ulishika majembe, na kiangazi ukawa mgumu kama saruji, hata karanga hazikuweza kung’olewa. Mvua nayo haikufuata hesabu ya vitabu. Nachingwea mvua ilikuwa nzuri zaidi, lakini msitu ulikuwa mnene, na kazi ya kuusafisha ikachelewa na kula fedha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule mkubwa umeachwa. Fedha zilizopotea zilifika kama pauni milioni 36. Mashamba ya majaribio yaliendelea kwa kiasi kidogo, bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 na ipo mpaka leo, lakini reli ya Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang’olewa.

Watu wengi huusimulia mpango wa karanga kama kichekesho. Mimi nataka tuusome kama somo. Waliokuja hawakuwa wajinga. Walikuwa na mainjinia na mabwana shamba wenye elimu. Kosa lao lilikuwa moja: waliiona nchi bila kuona watu wake. Walikuwapo watu waliojua mvua ya Nachingwea huanza lini na hukatika lini, ni kijito gani hubaki na maji mwezi wa Oktoba, na ni udongo gani huchoka upesi. Watu hao waliajiriwa kung’oa visiki. Hawakukaribishwa mezani penye ramani.

Labda mmoja wenu atasema, “Mwalimu, mpango wa karanga ulikuwa wa faida ya Waingereza. Kama mpango ungekuwa wa kuhifadhi udongo na maji kwa faida ya wenyeji, usingeshindwa.” Hoja hiyo ni nzuri. Ili kuijibu, tuondoke Nachingwea kwa kitambo kidogo, twende kwenye milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, ambako mto Ruvu hupata maji yake. Mto huo ndio unaonywesha Dar es Salaam.

Mwaka 1950 ulikuwapo huko mpango mkubwa wa kuokoa udongo wa milima. Kusudi lake lilikuwa jema. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, na mito ilikuwa ikichafuka. Wataalamu wakaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko, na wasichome moto mashamba. Lakini katika sehemu nyingi matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufunika ule mzuri wa juu. Mkulima alichimba kwa jasho, kisha akavuna mahindi haba kuliko mwanzo. Alipolalamika, alitozwa faini. Julai 1955, huko Matombo, watu walikusanyika kupinga. Ghasia zikatokea, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Kwa miaka mingi baadaye, mtu akitaja matuta katika milima ile, wazee walikunja uso.

Hapo twapata jibu la hoja. Kusudi jema halitoshi. Mpango uliokuwa na nia ya kuokoa mto uliwafanya watu wachukie hata neno la kuokoa mto. Na hasara hiyo ni kubwa kuliko pauni milioni 36, kwa sababu fedha hutafutwa tena, lakini imani ya watu ikipotea haipatikani upesi.

Turudi kusini. Tulipopata uhuru mwaka 1961, mambo ya mipango yakawa mikononi mwetu wenyewe. Je, tulijifunza? Tuseme kweli: kwa sehemu tu. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi vijiji vya ujamaa vilianza mapema, hasa kwa sababu ya vita vya ukombozi ng’ambo ya Ruvuma. Kisha, kati ya mwaka 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji katika nchi nzima. Vijiji vilileta shule, zahanati na barabara karibu na watu, na hayo ni mema yanayoonekana mpaka leo. Lakini watu wengi waliondolewa haraka kutoka mabondeni, wakawekwa katika mistari kando ya barabara. Waliacha miembe, mikorosho na visima vyao. Watu wengi walipokaa mahali pamoja, miti ya karibu ilikwisha kwa kuni na kujengea, na mashamba ya karibu yakachoka kwa kulimwa kila mwaka bila kupumzika. Mara hii waliopanga walikuwa ndugu zetu wenyewe, na wengi wao walikuwa na nia njema. Hata hivyo ardhi ilitoa jibu lilelile iliyowapa Wadachi na Waingereza.

Basi tumeona mipango minne: pamba, karanga, matuta na operesheni. Mwandishi wa kikundi aandike yote minne katika daftari, maana tutaihitaji katika maswali.

Sasa tuje karibu na siku zetu. Kuanzia miaka ya 1990 upande mwingine wa historia ulianza kufunguka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilisema kwamba ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kwamba yako mambo makubwa ambayo Halmashauri haiwezi kuyaamua bila Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na Mkutano Mkuu ni nani? Ni wewe, na ni kila mwanakijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamke kwa mwanamume. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikatoa nafasi kwa kijiji kutenga msitu wake wenyewe, kuulinda, na kupata mapato yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ikazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuuharibu mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mwaka 2007 ikaja sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi, na mwaka 2009 sheria ya rasilimali za maji, ambayo inawaruhusu watumiaji wa maji kuunda jumuiya zao. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na Mbwemkuru, Lukuledi na Ruvuma yamo katika Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, lenye ofisi yake Mtwara.

Je, sheria hizi zimezaa matunda? Tutazame jirani. Katika wilaya ya Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao, vikahesabu miti, vikaweka doria na sheria ndogo. Mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha kuonyesha kwamba inavunwa kwa utaratibu mwema. Mpingo, mti ambao zamani wageni waliukata na kumwachia mwanakijiji vumbi, ukaanza kumletea mwenyewe fedha.

Lakini tutazame na Liwale, ili tusidanganyike kwamba kazi ni rahisi. Huko kuna msitu mkubwa wa Angai, wenye hekta zaidi ya 130,000. Vijiji 13 vilianza katika miaka ya 1990 kutaka kuusimamia pamoja. Karatasi, vipimo na mikutano ilichukua zaidi ya miaka kumi. Wakati huohuo vijiji viligawanyika, na 13 vikawa 24. Kila kijiji kilipogawanyika, mipaka ilitakiwa ipimwe tena na makubaliano yaandikwe tena. Hapo wengine walikata tamaa, na wakata mbao hawakungoja.

Mfano huo unatuleta kwenye kiini cha somo letu. Mpango wa kijiji ni kitu kizuri, lakini mto haujui mpaka wa kijiji. Kijiji cha chini chaweza kutenga mita 60 kila upande wa mto, kikapanda miti, kikaweka faini kwa mwenye kulima ukingoni. Kama kijiji cha juu kinafyeka msitu mpaka kwenye chemchemi ili kupanda ufuta, kazi ya kijiji cha chini ni bure. Hatumlaumu mlima ufuta. Ufuta umewapa watu wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale mabati ya nyumba na ada za watoto. Lakini ufuta hupenda shamba jipya, na shamba jipya maana yake ni msitu uliokatwa. Swali si kama tulime au tusilime. Swali ni wapi, na nani amekubali.

Tena mto hauhusiani na jirani wa karibu tu. Sikilizeni kisa hiki. Katika miaka ya 1990, mto Ruaha Mkuu, ulio mbali sana na Kilimarondo, ulianza kukauka kila kiangazi. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao katika ardhi oevu ya Ihefu, huko Usangu, ili mto upone. Wafugaji wengi wakaelekezwa kusini, mkoa wa Lindi ukiwa mmoja wa mikoa hiyo. Walifika katika vijiji vya wakulima ambavyo havikuwa na desturi ya ng’ombe wengi. Mfugaji alitafuta maji na majani, mkulima alilinda shamba lake, na wote wawili walikutana pale pale, mtoni. Palitokea ugomvi katika sehemu nyingi. Nani alikosea? Mfugaji hakujihamisha kwa kupenda. Mkulima hakuulizwa. Mpango wa kuuponya mto mmoja ulipeleka mzigo kwenye mito mingine, na waliopokea mzigo hawakuwa na mpango tayari.

Hapa ndipo mpango wa wenyeji unapoonyesha faida yake. Kijiji chenye mpango ulioandikwa, wenye malisho yaliyotengwa, njia ya mifugo ya kwenda majini, msitu wa hifadhi na mashamba ya akiba ya watoto, chaweza kumwambia mgeni yeyote, awe mfugaji, mwekezaji au mkubwa wa serikali, “Karibu, nafasi yako ni hapa, wala si pale.” Kijiji kisicho na mpango huonekana kitupu katika ramani ya mtu mwingine. Nanyi mmekwisha sikia leo yanayoipata nchi ikionekana tupu.

Na sheria ile ya mwaka 1999 ina kifungu ambacho wengi hawakijui: vijiji vinavyotumia pamoja maji, malisho au msitu vinaweza kufanya makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Si lazima kingojwe chombo kipya kutoka mbali. Halmashauri za vijiji vya bonde moja zaweza kukaa, zikatembea pamoja kutoka chemchemi mpaka maungio ya mito, zikakubali, kisha kila moja ikapeleka makubaliano mbele ya Mkutano Mkuu wake.

Nasema zikatembea, wala sisemi zikasoma ramani tu. Ramani ni chombo chema, na bwana ardhi wa wilaya hana budi kuwapo, pamoja na bwana misitu na bwana maji. Lakini katika msafara huo awepo pia mama achotaye maji, maana yeye ndiye ajuaye kisima kipi hukauka kwanza. Awepo mvuvi wa kambale, mrina asali na mchungaji. Awepo mzee ajuaye mahame, ili tujue watu waliishi wapi na kwa nini waliondoka. Na awepo kijana, kwa sababu ndiye atakayeishi na mpango huo miaka 30 ijayo. Kama msafara wote ni wazee wanaume wanne na gari la wilaya, basi huo ni mpango wa karanga, ila mdogo.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu unakwisha. Tukusanye tuliyojifunza. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, nchi ya Nachingwea na jirani zake imepangiwa mambo na watu waliokuwa na nguvu, elimu, na mara nyingine nia njema. Mipango ile ilianguka mahali palepale: aliyelima, aliyechota na aliyechunga hakuulizwa, au aliulizwa baada ya mambo kuamuliwa. Leo sheria imemweka mezani. Lakini kiti kilichowekwa mezani hakina maana kama mwenyewe hakuja. Mkutano Mkuu ukiitishwa na watu wakabaki mashambani, wachache wataamua, na kesho tutalalamika kama wale wa Matombo, ila mara hii tutakuwa tunajilalamikia wenyewe.

Sasa mwenyekiti wa kikundi azime redio kipindi kikiisha, asome maswali haya, na kila mtu apewe nafasi ya kusema, hata yule mpole.

Swali la kwanza. Katika mipango minne tuliyoitaja, pamba, karanga, matuta na operesheni, ni upi wazee wa kwenu wanaukumbuka au walisimuliwa? Uliacha nini katika ardhi yenu?

Swali la pili. Maji mnayokunywa yanatoka katika vijiji gani kabla ya kufika kwenu, na yakitoka kwenu yanakwenda kwa nani?

Swali la tatu. Je, kijiji chenu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Kama upo, ni nani katika kikundi hiki aliyewahi kuuona kwa macho yake?

Swali la nne. Kama mngealika kijiji kimoja cha jirani kukaa nanyi juu ya mto wenu, mngeanza na kijiji gani, na nani angepeleka ujumbe?

Mwandishi aandike majibu. Jibu la swali la nne lisiishie katika daftari. Lipelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji kabla mvua hazijaanza.